Je, Yaliyopita si Ndwele?



Wahenga walisema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sisi walimu wastaafu tumeitumia methali hii mara nyingi kupatanisha majirani, nayo imefaa. Lakini leo twauliza: je, yafaa kumwambia hivyo mtu aliyeona jamaa zake wakiuawa? Na mtoto wake je?

Swali hili li karibu nasi. Katika karne ya 19, siku za njaa na biashara ya utumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka nchi hii yetu, wakapelekwa kwa majahazi hadi Somalia kulima mashamba ya wengine. Baadhi yao walitoroka wakafanya makao kando ya mto Juba. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, watu wenye silaha waliwavamia wakulima hao, wakawanyang'anya chakula, wakaua, wakanajisi. Baadhi ya walionusurika walifika Handeni, wakakaa katika kambi ya Mkuyu, kisha wakahamishiwa Chogo. Huko walipewa ardhi, na wengi wakapata uraia wa Tanzania.

Ajabu ni kwamba wageni hao walisema Kizigua. Kwa miaka kama 150 ugenini, lugha ya bibi zao haikufa. Kama wangalifuata shauri la kusahau, wasingalijua kwamba hapa ni kwao.

Lakini sisi tulikuwa wepesi wa kutoa shauri hilo. Mtoto mmoja wa wakimbizi alikuwa hodari wa hesabu, lakini mlango ukibamizwa na upepo aliingia chini ya dawati. Darasa lilicheka. Tulimwambia, "Sahau hayo, mwanangu, soma." Alitii. Alisoma akafaulu, wala hakutuambia neno tena. Tulidhani tumemtuliza, kumbe tulijiepusha na taabu ya kusikia.

Wako wasemao kwamba kukumbusha ni kutonesha kidonda, na kwamba huzaa kisasi. Neno hilo lina ukweli. Si haki kumlazimisha mtu kusimulia, wala kumfundisha mtoto chuki. Lakini kidonda kilichofungwa kabla ya kuoshwa huoza ndani. Mtoto asiyeambiwa kitu humsikia mama yake akilia usiku, akadhani kosa ni lake.

Tuwatazame majirani zetu wa Rwanda, ambako mwaka 1994 watu wapatao laki nane au zaidi waliuawa kwa muda wa siku mia moja. Mwaka 1998 ulianzishwa mfuko wa serikali wa kuwasaidia manusura wenye shida, kwa karo na kwa matibabu. Tena kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, nchi nzima huwakumbuka wafu wake. Hawakuona kwamba shule yatosha kushika mahali pa kumbukumbu.

Yusufu naye, aliyeuzwa na ndugu zake, alimwita mwanawe wa kwanza Manase, akimaanisha kwamba Mungu amemsahaulisha taabu yake. Lakini kila alipomwita mtoto aje kula, aliitaja taabu ile ile! Na alipowaona ndugu zake, alijitenga akalia. Jina halikumponya. Alianza kupona siku alipojitambulisha kwao, akalia mbele yao.

Basi tufanyeje? Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare na madaftari vyahitaji fedha. Tutoe bila kunung'unika. Lakini tukipeleka daftari, tusiliache mlangoni tukaondoka. Tukae. Mama akitaka kusimulia, tusikilize bila kutazama saa. Asipotaka, tumsaidie kupalilia shamba, tuje tena siku nyingine. Na mzigo ukituzidi, tumpeleke kwa wenye ujuzi wa ushauri nasaha, wala tusione haya.

Hatuiachi methali ya wahenga. Twasema tu kwamba mwenye haki ya kutamka kuwa yaliyopita si ndwele tena ni yeye aliyeugua. Sisi kazi yetu ni kukaa naye mpaka aweze kuyasema hayo mwenyewe.

Bwana atupe masikio.