Mwenye Kiwanja na Haki ya Mpita Njia

Mtu akiwa na kiwanja chake, hati mkononi na fedha za kujengea, bado anawiwa nini na watu wasio na hisa yoyote katika kiwanja hicho? Kwa kawaida swali hili huachiwa maafisa mipango miji, nao hulijibu kwa rangi za ramani: hapa makazi, pale biashara, kule makazi na biashara, na ghorofa zisizidi kadhaa. Lakini kabla halijawa swali la ramani, ni swali la haki baina ya watu. Ramani inaweza kutuambia duka lijengwe wapi. Haiwezi kutuambia kwa nini mwenye mali amsikilize jirani aliyemkuta pale, wala kwa nini mpita njia ambaye hata jina lake halijulikani awe na sauti juu ya ukuta wa mtu mwingine. Tusipolijibu hilo kwanza, kila kanuni ya ujenzi itaonekana ama ubabe wa ofisi ama kikwazo ambacho mwenye pesa atakilipia kiondoke.

Pwani ya Afrika Mashariki haikungoja sheria za mipango miji ndipo ianze kuwaza jambo hili. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, aliandika Minhaj al-Talibin, kitabu cha fikihi ya madhehebu ya Shafi ambacho wanavyuoni na makadhi wa Pwani wamekitegemea kwa vizazi. Ndani yake mna hukumu tatu zinazogusa ujenzi moja kwa moja. Ya kwanza inahusu matumizi: mwenye mali huitumia kwa mujibu wa kawaida ya watu, na akiivuka kawaida hiyo hudhamini hasara. Mfano anaoutoa unashangaza. Kwa kauli anayoiona sahihi zaidi, mtu aweza kuigeuza nyumba iliyozungukwa na nyumba za watu kuwa hamamu au zizi, na duka lililo kati ya wauza nguo kuwa karakana ya mhunzi, ilimradi achukue tahadhari na aziimarishe kuta. Ya pili inahusu njia: njia ya wote haitumiwi kwa namna ya kuwadhuru wapitao. Roshani au chumba kinachovuka juu ya njia sharti kiinuliwe kiasi cha mtu kupita chini yake amesimama wima, na kama ni njia ya misafara, kiasi cha kumpitisha ngamia na kibanda kilicho mgongoni mwake. Ya tatu ni fupi na nzito: haijuzu kulipana ili mtu apewe ruhusa ya kutoa roshani juu ya njia, na wafasiri wa kitabu wanaongeza kuwa haijuzu hata kama anayepokea malipo ni kiongozi wa dola.

Aliyewahi kupita Lamu ataitambua hukumu ya pili bila kufungua kitabu. Wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, ni mali ya mtu iliyokaa katika anga la wote, nayo inavumilika kwa sababu aliye chini anapita na mzigo wake bila kuinama, tena anapata kivuli. Baraza za mawe nazo zina hadithi ya namna hiyo. Nawawi anakataza kujenga kiti cha mawe njiani, lakini anataja pia kauli nyingine inayoruhusu pasipo na madhara, na miji ya Pwani imeishi na kauli hiyo ya pili kwa raha zake. Ukizisoma hukumu hizi tatu kwa pamoja unapata msimamo mmoja: kazi unayoifanya ndani ya kiwanja chako ni hiari yako, athari inayotoka nje ya kiwanja si hiari yako, na haki ya wale wanaoguswa na athari hiyo haina bei. Nadhani msimamo huu ni bora kuliko ule unaotawala mipango miji mingi leo, na kwamba ungefuatwa, kanuni zetu zingelegea pale zinapokaza na kukaza pale zinapolegea.

Chukua jambo dogo linaloonekana kila mtaa. Familia inabomoa ukuta wa mbele wa nyumba, inatoa fremu mbili, moja ya duka la mangi na nyingine ya fundi cherehani. Kwa mtazamo wa jina la matumizi, hapo kuna kosa: kiwanja ni cha makazi na sasa kinafanya biashara. Kwa mtazamo wa Nawawi, swali ni jingine kabisa. Je, cherehani ile inamnyima mtu usingizi? Je, bidhaa zimemwagwa mpaka barabarani, kiti cha magurudumu hakipiti? Kama sivyo, hakuna aliyedhulumiwa, na afisa anayeiwekea fremu ile alama nyekundu ya X analinda rangi ya ramani tu. Sasa chukua upande wa pili. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Hakuna aliyeweza kusema kuwa biashara haikustahili kuwa Kariakoo, wala kwamba katikati ya jiji si mahali pa maghorofa. Jina la matumizi lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni lile sharti la mhunzi, kuta zilizoimarishwa. Kanuni inayomkagua mtu anafanya nini, ikaacha kukagua anachomfanyia jirani, imekosea mahali pa kuweka macho.

Hapo mtu atauliza: basi viwango vya usanifu navyo vina nafasi gani? Jengo likiporomoka linaua, lakini sura mbaya haijamuua mtu. Kuna haki gani ya kumwambia mwekezaji wa hoteli katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kwamba jengo lake lifanane na majirani zake? Pingamizi hili lina nguvu, na sehemu yake nalikubali. Rangi ya ukuta, nakshi za mlango, umbo la kitasa, haya ni mambo ya ladha, na ladha ya afisa si bora kuliko ya mwenye nyumba. Lakini sehemu kubwa ya kile tunachokiita sura ya Mji Mkongwe si ladha hata kidogo, ni vipimo. Kuta ndefu na vichochoro vyembamba huzuia jua la mchana lisimpige apitaye. Urefu wa paa unaokaribiana huacha upepo wa bahari uingie nyumba za nyuma. Katika nyumba za kale za Lamu, kuta za nje karibu hazina madirisha, mwanga unaingia kupitia kiwanda, yaani uani wa ndani, ili maisha ya familia yasiwe tamasha la majirani. Ongeza ghorofa mbili juu ya kiwango cha mtaa, na uani wa watu kumi utatazamwa kutoka vyumba vya wageni. Fundi mwashi wa Tunis wa karne ya 14, Ibn al-Rami, aliyeandika kitabu kizima juu ya hukumu za ujenzi kwa mujibu wa madhehebu ya Malik, aliihesabu faragha iliyovunjwa kuwa madhara halisi. Nawawi ni mlegevu zaidi hapo, anaruhusu mtu kufungua madirisha katika ukuta wake mwenyewe. Hata hivyo ameshaweka neno kawaida katika hukumu yake ya kwanza, na kawaida ya miji hii imekuwa kulinda uani wa jirani. Kwa hiyo kiwango cha usanifu kinachostahili heshima huanza na kimo, upana, madirisha na kivuli, na kikifika kwenye nakshi kiwe ushauri. Hoteli iliyojaa nakshi za kuiga lakini imewazidi majirani kwa ghorofa mbili imetii mapambo na kuvunja haki.

Kawaida hiyo ndiyo inayoeleza pia kwa nini zamani sheria ya maandishi ilikuwa chache na leo inahitajika zaidi. Boriti za mikoko zilimzuia kila mjenzi, tajiri na maskini, asifanye chumba kipana zaidi ya takriban mita 3. Mjenzi naye alisali msikiti mmoja na jirani yake, akaozesha kwake, akazikana naye. Vifaa na ujirani vilifanya kazi ambayo sasa hufanywa na kibali cha ujenzi. Zege na chuma vimeondoa kizuizi cha kwanza, mkataba wa ukodishaji wa miaka mingi umeondoa cha pili: kampuni haina jirani wa kumwonea haya. Ndiyo maana Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na ndiyo maana baada ya mji kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 mabishano makubwa yamehusu miradi ya hoteli. Mradi wa hoteli katika jengo la Mambo Msiige, Shangani, uliifanya Kamati ya Urithi wa Dunia ieleze wasiwasi juu ya ukubwa na urefu wa sehemu mpya. Waliotetea walitaja uwekezaji. Waliopinga walitaja urithi. Ningependa kusikia zaidi hoja ya tatu, ya wakazi wa nyuma ya jengo, kwa sababu urithi bila hao ni mandhari ya picha tu.

Pingamizi zito kuliko lile la ladha ni la kihistoria. Kanuni za ujenzi katika Afrika Mashariki hazikuzaliwa kwa ajili ya kuwahurumia wapita njia. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1914 iliigawa Dar es Salaam kwa aina za nyumba, na Waingereza wakaendelea na kanda tatu: moja ya nyumba za Kizungu, moja ya makazi na biashara, moja ya nyumba za wenyeji. Maneno yalihusu matofali na mabati. Matokeo yake ni Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Wala hili si la makoloni peke yake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipohalalisha ugawaji wa maeneo katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, mwaka 1926, ilitumia hoja ya madhara, kisha ikainyoosha hadi majengo ya nyumba za kupanga yakahesabiwa karibu na kero kwa nyumba za familia moja. Atakayesema kwamba viwango ni silaha ya wenye nacho hasemi uongo. Ila tuangalie silaha hiyo ilitengenezwaje. Kanda za Dar es Salaam zilikuwa kanuni za jina: aina ya nyumba, na nyuma yake aina ya mtu. Hakuna aliyetakiwa kuonyesha kwamba nyumba ya udongo na makuti ilimwangushia jirani ukuta au ilimzibia njia. Kipimo cha madhara kikishikwa kwa ukali wake, yaani madhara yanayoonekana, kwa mtu anayetajika, yatokanayo na jengo lenyewe, umaskini wa jirani hauwezi kupita katika kipimo hicho. Historia hii basi haivunji hoja yangu. Inaonya tu kwamba neno madhara lisiachwe litanuke mpaka limeze kila ambaye hatumpendi.

Kuna wanaojibu kwa lugha ya ajira. Hoteli itaajiri vijana, italipa kodi, na ghorofa mbili za ziada ndizo zinazoufanya mradi ulipe. Je, si vema kukubaliana, mwekezaji akalipa kitu kwa manispaa, jambo likaisha? Hapa hukumu ya tatu ya Nawawi inaonyesha makali yake. Roshani ama inawadhuru wapitao ama haiwadhuru. Ikiwadhuru, malipo hayaigeuzi kuwa halali, maana anayelipwa siye anayeumia. Isipowadhuru, mjenzi ana haki yake tayari, na kumtoza ni kumuuzia kilicho chake. Ada ya mkaguzi ni jambo jingine, hiyo ni ujira wa kazi. Kinachokatazwa ni bei ya msamaha. Na katazo linapomfikia hata kiongozi wa dola linatugusa sisi moja kwa moja, kwa kuwa Tanzania Bara na Zanzibar ardhi ni ya umma, na serikali ndiyo inayoikodisha na ndiyo inayotoa kibali. Anayepokea kodi ya pango ana sababu ya kuona kuwa madhara ni madogo. Tukiruhusu kimo kinunuliwe, mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama, na kanuni itabaki kwa yule mwenye fremu mbili asiyeweza kununua chochote. Ajira ni neema, lakini hoteli yenye kimo cha mtaa nayo inaajiri.

Wapo watakaoona si haki kuupima mji wa watu wa dini nyingi kwa kitabu cha fikihi. Sidai kwamba kila mwenye kiwanja afungwe na madhehebu ya Shafi. Nadai kwamba hoja zinasimama kwa miguu yake: John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru cha mwaka 1859, alifika karibu na hapo hapo kwa njia isiyo ya dini, kwamba mtu asizuiwe ila kwa kuwadhuru wengine. Nawawi anamzidi kwa jambo moja lenye faida kwa miji. Mill anatuambia pa kumzuia mwenye uhuru; Nawawi anamhesabu pia mpita njia kuwa mwenye haki, mtu ambaye haki yake haiwezi kuuzwa na mwingine kwa niaba yake. Hilo likikubaliwa, utaratibu wa vibali unageuka. Anayetaka kufungua biashara ndogo nyumbani kwake hatakiwi kuthibitisha kuwa ramani inamruhusu. Anayemzuia ndiye aonyeshe aliyeumia. Anayetaka kupanda juu ya majirani, kuchimba chini ya misingi yao au kutokeza juu ya njia yao ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha, mbele yao, kwa vipimo, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Na akishindwa kuthibitisha, asipewe risiti ya malipo; aambiwe apunguze jengo.