Ila Isiyoonekana na Deni la Muuzaji

Iwapo mtu anawajibika kwa kasoro ambayo yeye mwenyewe hakuijua alipokuwa anauza kitu chake ni swali la kale katika falsafa ya maadili na katika sheria za dini, na ingawa wanazuoni wamelijadili kwa mifano ya farasi, nafaka na mashua, katika Karatu ya leo hakuna mfano unaolifaa zaidi kuliko paa la gari jipya la watalii linalovuja. Karavani, yaani nyumba ya magurudumu ambayo familia za Ulaya huikokota nyuma ya gari zinapokwenda likizo, ni nadra kuonekana katika kata ya Daa au kwenye lango la Loduare, pale barabara inapoanza kupanda msitu kuelekea ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Kinachoshika nafasi yake ni Land Cruiser iliyokatwa na kurefushwa katika gereji za Arusha, ikaongezwa viti, madirisha mapana na paa la kunyanyua ambalo abiria hulifungua ili wasimame na kuwatazama wanyama. Vyote viwili ni vyumba vilivyojengwa juu ya magurudumu kwa kuunganisha vipande vingi, na kila muungano ni njia ambayo maji yanaweza kuipata.

Namna maji yanavyoingia inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa hoja yote ya maadili inasimama juu yake. Paa la kunyanyua hukalia ukingo uliokatwa kwenye bati la asili la gari, na kati ya paa na ukingo huwekwa raba nene inayobanwa paa linaposhushwa. Bawaba, vifungio na keria hushikwa na bolti zinazopenya bati, na kila tundu la bolti huzibwa kwa silikoni. Kiangazi, vumbi jekundu hujikusanya chini ya raba, nayo raba, ikishabanwa kwa miezi juu ya vumbi hilo na kuchomwa na jua, hupoteza mnepo wake, yaani uwezo wa kurudia umbo lake baada ya kubanwa, huku mtikisiko wa barabara isiyo na lami kuelekea Serengeti ukizilegeza bolti kidogo kidogo. Mvua inaponyesha, maji hupenya katika tundu moja, yakatambaa juu ya dari ya ndani yakifuata mwinamo wa gari, yakaja kudondoka kwingine kabisa, juu ya kiti cha nyuma au kwenye nyaya za redio ya mawasiliano, kiasi kwamba fundi anayeziba pale panapodondoka hajaziba kitu. Ila ya aina hii hutofautiana na ufa wa kioo au mkwaruzo wa rangi kwa mambo mawili: haijitokezi mpaka hali fulani ya nje ije, na hata ikijitokeza haionyeshi chanzo chake. Mwenye gari huamini kwamba tundu lilizibwa vibaya tangu gereji. Fundi bodi aliyelitengeneza huamini kwamba raba iliharibiwa na vumbi na uzembe wa dereva. Na huenda kila mmoja anasema anachokiamini kwa dhati.

Hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili ambayo dini na falsafa zimejitahidi kuyatenganisha, yaani hatia na dhima. Hatia ni doa la nafsi la mtu aliyetenda uovu kwa kujua. Dhima ni mzigo wa kulipa au kutengeneza, na mzigo huo unaweza kumwangukia hata mtu asiye na doa. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Huraira na kukusanywa na Imamu Muslim, Mtume Muhammad aliingiza mkono katika lundo la nafaka iliyokuwa ikiuzwa, vidole vyake vikakuta unyevu, na muuzaji alipojitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea, akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha likafuata onyo kali la Mtume kwamba mwenye kughushi si miongoni mwa walio wake. Muuzaji yule hakulaumiwa kwa mvua; alilaumiwa kwa kuupanga mzigo wake hivi kwamba macho ya mnunuzi yakutane na ukavu peke yake. Kesi yake kwa hiyo ni ya hatia, na ni nyepesi kuiamua. Kesi ngumu ni ile ya fundi ambaye angeingiza mkono wake mwenyewe katika lundo na kuukuta mkavu, akauza kwa moyo mweupe, halafu unyevu ukatokea nyumbani kwa mnunuzi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13 ambaye mafundisho yake yangali msingi wa elimu ya mapadre Wakatoliki, aliikabili kesi hiyo moja kwa moja katika swali la 77 la sehemu ya pili ya pili ya kitabu chake cha Summa Theologiae, linalohusu udanganyifu katika kununua na kuuza. Kwa maoni yake, muuzaji asiyeijua ila ya kitu chake hatendi dhambi kwa kukiuza, lakini ila hiyo ikishamfikia masikioni anawajibika kumfidia mnunuzi, kwa sababu kilichobadilishana mikono hakikulingana na bei iliyolipwa, na usawa uliovunjika hauhitaji nia mbaya ya mtu ili uwe umevunjika. Akaongeza jambo ambalo wateja hulisahau: deni hilo huenda pande zote mbili, hivi kwamba mtu akiuziwa dhahabu kwa bei ya shaba na muuzaji asiyejua, naye akalitambua hilo, anapaswa kurudisha tofauti. Wajibu unaomdai mmoja tu huku ukimwachia mwenzake faida ya bahati haungekuwa haki, ungekuwa upendeleo kwa mteja.

Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ilifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Iliweka khiyari ya ila, ambayo ni haki ya mnunuzi kuchagua kati ya kukishikilia kitu na kukirudisha anapogundua kasoro iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa, na haki hiyo haikufungwa kwenye elimu ya muuzaji: kinachoulizwa ni kama ila ilikuwapo, si kama muuzaji alikuwa nayo akilini. Ikiwa kitu kimepata kasoro nyingine mkononi mwa mnunuzi, kama gari lililokwisha kugongwa ubavuni, kukirudisha kwa lazima kunamdhulumu muuzaji, na hapo hupatikana njia ya arshi, yaani fidia inayopimwa kwa kiasi ambacho ila ya kwanza ilipunguza thamani. Mtazamo huu una ubinadamu mkubwa, kwa kuwa unamruhusu mnunuzi kudai chake bila kumwita mwenzake mwizi, na unamruhusu fundi kulipa bila kukiri uovu asioutenda. Ugomvi mwingi wa gereji, mtu akiuangalia vizuri, hauhusu gharama ya raba. Unahusu fundi anayehisi kwamba kulitengeneza paa bure ni kukubali kuwa tapeli, na mteja anayehisi kwamba kutotengenezewa ni kufanywa mjinga.

Lakini ila isiyojitokeza mpaka mvua inyeshe inaleta swali ambalo Thoma hakulifafanua, nalo ni swali la muda. Dhamana ya maandishi, ile karatasi ambayo kwa kawaida watu huiita waranti, huhesabu miezi. Karatu hupata mvua za vuli, ambazo si za kutegemewa, kati ya Novemba na Desemba, na mvua kubwa za masika kati ya Machi na Mei. Gari lililokabidhiwa mwanzoni mwa Juni kwa dhamana ya miezi sita hupita kiangazi chote bila kuonja tone, huonja vuli kidogo ikiwa imewahi, na karatasi hufa mapema Desemba, kabla masika haijaligusa paa hata mara moja. Kwa hesabu ya kalenda mnunuzi alipewa nusu mwaka wa ulinzi. Kwa hesabu ya maji alipewa wiki chache, na pengine hakupewa chochote. Gari la aina ile ile likikabidhiwa Januari kwa karatasi ile ile hupitishwa katika masika nzima. Watu wawili wamelipa bei moja kwa ahadi moja, wakapokea vitu viwili tofauti, na hakuna aliyedanganya.

Wazee wa kale walikuwa waangalifu zaidi katika jambo hili kuliko waandishi wa waranti za sasa. Sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, zina kifungu, kinachohesabiwa kuwa cha 235, kuhusu fundi aliyetia mashua kalafati, yaani aliyeziba mianya ya mbao ili maji yasipite: mashua ikionyesha kasoro ndani ya mwaka ule ule, fundi ataibomoa na kuiimarisha kwa mali yake mwenyewe, kisha amrudishie mwenyewe ikiwa madhubuti. Kipimo ni mwaka, na mwaka hauachi msimu wowote nje. Imamu Malik bin Anas, aliyefariki Madina mwaka 795, anataja katika Muwatta dhamana ya mwaka mzima kwa maradhi matatu, ukoma, mbalanga na wazimu, na wanazuoni wa madhehebu yake waliieleza kwamba maradhi hayo yaliyofichika hujitokeza majira yanapobadilika, hivyo mwaka ndio muda mfupi kuliko yote ambao ndani yake kila majira hupata nafasi ya kusema lake. Kipengele hicho kiliwekwa kwa ajili ya biashara ya watumwa, na hilo halipaswi kufunikwa: mizani iliyopimwa kwa uangalifu wote huo ilitumika juu ya binadamu waliouzwa kama bidhaa, na uangalifu kwa mnunuzi haukuwa huruma kwa aliyenunuliwa. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hayakuikubali dhamana hiyo ya mwaka. Hata hivyo sababu yake, kwamba urefu wa dhamana ufuate tabia ya ila yenyewe, inaweza kutenganishwa na mahali ilipozaliwa, na katika nchi ya vuli na masika ni vigumu kuikataa.

Inafaa kukumbuka kwamba katika makazi ya zamani ya Wairaqw, walioenea hadi Karatu kutoka kitovu chao cha Irqwar Da'aw katika milima ya Mbulu, suala hili halikuwapo, ijapokuwa kuvuja kulikuwapo. Nyumba ya tembe, iliyochimbiwa kwa sehemu katika mteremko na kuezekwa kwa udongo juu ya miti, ilihitaji kukandikwa upya kila mvua zilipoimomonyoa, na aliyeijenga ndiye aliyelala chini yake pamoja na mifugo yake. Aliyeziba vibaya alilowa mwenyewe. Dhamana ni mtoto wa umbali, kwa maana kwamba inahitajika pale aliyeziba anapolala Arusha na anayelowa yuko Daa, kilomita zipatazo 140 mbali naye. Inajaribu kumweka fundi chini ya paa lake mwenyewe kwa njia ya ahadi. Kwa mtazamo huo, bango linaloonekana katika maduka mengi, kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, linatangaza jambo zito kuliko mwenye duka anavyodhani: linatangaza kwamba aliyeuza amekwisha kutoka chini ya paa.

Sheria ya nchi haimruhusu kutoka kirahisi hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huingiza katika mauzo ya mfanyabiashara masharti ambayo hayakuandikwa, likiwamo la kwamba kitu kifae kwa kazi ambayo mnunuzi aliieleza na kumtegemea muuzaji kwayo, na hutenganisha sharti, ambalo likivunjwa mnunuzi anaweza kukikataa kitu chote, na ahadi ndogo ya pembeni, ambayo ikivunjwa humpa fidia tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo imeweka Tume ya Ushindani na kinga kwa mlaji. Vifungu hivyo ni vyema, ila mahakama huhitaji ushahidi wa chanzo, na chanzo, kama ilivyoonekana, ndicho maji yanachokificha.

Kwa sababu hiyo mzigo wa mnunuzi si mdogo, na dini hazikumwachia auweke chini. Katika fiqhi ya Shafi anayegundua ila anatakiwa kuidai bila kuchelewa, na kuendelea kukitumia kitu kana kwamba hakuna lolote huhesabiwa kuwa ameridhika nacho. Sheria ya nchi husema jambo la jirani na hilo inapomhesabu mtu kuwa amekikubali kitu asipokikataa ndani ya muda wa kuridhisha. Ugumu ni kwamba vuli humkuta mwenye gari katika Desemba, wageni wa Krismasi wakiwa wamekwisha kulipa, na kwa mtu mwenye gari moja kulipeleka Arusha ni kuifunga biashara. Anachofanya aghalabu ni kumwita fundi wa karibu apake silikoni kila panapodondoka, na kwa kupaka huko anafuta alama ambazo zingeonyesha maji yalipoingia, kisha Machi anadai tengenezo ambalo gereji haiwezi tena kujua kama inadaiwa. Uaminifu unaotakiwa kwake ni wa kupiga picha kabla hajaziba, kuitaarifu gereji siku ile ile na kusema wazi ni nini kilichopakwa na nani alikipaka. Na unaotakiwa kwa gereji ni kutoifanya taarifa hiyo kuwa kisingizio cha kwamba gari lilishikwa na mikono ya wengine, maana aliyezuia maji yasiharibu zaidi ameipunguzia gereji gharama. Zinabaki zile siku ambazo gari husimama likitengenezwa bila kuingiza kitu. Karatasi za dhamana kwa kawaida hukataa kuzihesabu, ilhali kwa hoja ya usawa ya Thoma ni hasara iliyozaliwa na ila ile ile, na gereji inayozihesabu kuwa si zake, hata ikiweka raba mpya bila malipo, imelipa sehemu tu ya deni lake.