Samatta: Kutoka Mbagala Hadi Genk Bila Kuruka Daraja

Mbwana Ally Samatta alizaliwa Dar es Salaam Desemba 1992 na kukulia Mbagala, wilayani Temeke, kando ya Barabara ya Kilwa. Baba yake alikuwa askari polisi aliyewahi kusakata kabumbu. Mtoto wa Mbagala wa wakati huo hakuwa na shule ya soka ya kwenda. Mpira ulikuwa wa mchangani: chandimu baada ya masomo, ndala mbili zikiwa ndiyo goli, na jioni mechi za mtaa kwa mtaa zenye mashabiki wanaojua kuzomea. Mchanga una ugumu wake. Mpira haudundi unavyotarajiwa, mguu unazama pale unapotaka kuchomoka, na mshambuliaji asiyeweza kuutuliza kwa mguso wa kwanza ananyang'anywa kabla hajainua kichwa. Wepesi wa Samatta wa kugeuka na beki mgongoni ulianza kujengeka huko.

Ulaya mambo ni tofauti: Uholanzi, kwa mfano, kijana mwenye kipaji cha namna hiyo mara nyingi huingia chuo cha klabu kama Ajax au Feyenoord akiwa bado wa shule ya msingi. Lakini hata huko si wote wanaopita mlango huo. Ruud van Nistelrooy alianzia Den Bosch mwaka 1993, akaenda Heerenveen 1997, PSV Eindhoven 1998, na ndipo Manchester United 2001. Njia ya Samatta inafanana na hii kuliko ile ya vyuo: kila kituo alikaa hadi kikamtosha.

Kituo cha kwanza kilikuwa cha nyumbani. Mbagala Market, timu ambayo baadaye iliitwa African Lyon, ilimpa nafasi ya kucheza na watu wazima akiwa kijana mdogo. Mwaka 2010 akasajiliwa na Simba. Hakukaa sana klabuni hapo, ila miezi hiyo michache ilitosha, kwa sababu ya mpinzani mmoja. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2011, Simba ilipangwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, bingwa mtetezi, timu iliyokuwa imetoka kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan Desemba 2010. Mazembe ilishinda 3-1 kwao na 3-2 Dar es Salaam. Baadaye ilienguliwa kwa kumchezesha Janvier Besala Bokungu, ambaye hakustahili kucheza, na Simba iliyokata rufaa ikapewa mechi na Wydad Casablanca mjini Cairo, ikafungwa 3-0. Ushindi wa mezani ulisahaulika upesi. Kilichobaki ni kwamba Mazembe, chini ya rais wake Moïse Katumbi, iliondoka na wachezaji wawili wa Simba: kiungo Mganda Patrick Ochan na kijana wa Mbagala mwenye miaka 18.

Uamuzi wa kwenda Lubumbashi unastahili heshima kuliko unavyopewa. Wakati huo ndoto ya kila kijana ilikuwa Ulaya moja kwa moja, hata kama ni majaribio ya wiki mbili yasiyo na mkataba. Samatta alikwenda mji wa shaba wa Katanga, ambako Kiswahili kinazungumzwa, japo kwa lafudhi yao na Kifaransa kikichanganywa humo, na ambako mshahara ulilipwa na klabu yenye uwezo. Huko alicheza mashindano ya Afrika msimu baada ya msimu, pamoja na Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu. Mwaka 2013 Mazembe ilipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho kwa CS Sfaxien. Kijana mwenye haraka angeona muda unampita.

Mavuno yalikuja 2015. Samatta alifunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa mwaka huo, matatu kati ya hayo katika mechi moja dhidi ya Moghreb Tétouan iliyoisha 5-0. Katika fainali dhidi ya USM Alger alifunga kwa penalti Algiers, Mazembe ikashinda 2-1, na katika marudiano ya Novemba 8 akafunga tena kwa penalti mjini Lubumbashi, matokeo yakiwa 2-0. Kupiga penalti mbili za fainali ya Afrika, moja ugenini na nyingine mbele ya mashabiki wako wanaodai kombe, si jambo la miguu peke yake. Januari 7, 2016, mjini Abuja, alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, Mtanzania wa kwanza kupata tuzo hiyo, akimtangulia kipa wa Mazembe mwenyewe, Robert Kidiaba.

Mwezi huohuo alihamia Genk ya Ubelgiji, mji wa zamani wa makaa ya mawe, akiwa na miaka 23. Kwa vigezo vya Ulaya alikuwa amechelewa. Kwa kweli alikwenda akiwa ameshazoea fainali, jambo ambalo vijana wengi wa vyuo hawajawahi kulipata. Mwaka 2019 Genk ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji, Samatta akashinda Kiatu cha Mpingo, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi hiyo, na Novemba mwaka huo akafunga Anfield dhidi ya Liverpool. Januari 2020 Aston Villa ilimsajili, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza.