Undugu na Karatasi

Lugha yetu haikuwa bahili ilipowapa jamaa majina. Ndugu mdogo wa baba ni baba mdogo. Dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa. Na watoto wa hao wote, kwa kauli ya nyumbani, ni ndugu zako tu, wala hapana atakayekuuliza mlizaliwa tumbo gani. Katika nyumba za Eastlands, toka Majengo ya Pumwani mpaka Umoja na Kayole, yamkini wewe mwenyewe, msomaji kijana, unaishi na mtu wa namna hiyo: mtoto aliyeletwa kutoka mashambani baada ya msiba, akalala nawe kitanda kimoja, akarithi sare yako ya shule ilipokubana, na leo asipoonekana wakati wa chakula nyumba nzima huuliza alipo. Jirani akitaka kujua huyu ni nani, hujibu, "Ni ndugu yangu." Hujasema uongo. Lakini pako mahali ambapo jawabu hilo hilo laweza kuitwa uongo, na mahali hapo ni penye dirisha la mtoa viza.

Karatasi ya serikali hutambua mume, mke, mzazi na mtoto. Mama mkubwa hana mstari wake. Sisemi kwamba serikali hukosa kwa kuuliza. Nyumba isiyo na mlango si nyumba, na sisi wenyewe tukibishiwa hodi usiku hunyamaza kwanza tuitambue sauti. Swali langu ni jingine. Mtu akiulizwa habari za ukoo wake kwa maneno yasiyo ya kwao, naye akajibu kwa maneno ya kwao, je, amesema uongo?

Eastlands haikuanza jana kuulizwa na karatasi nani ni wa nani. Vyumba vingi vya awali vilivyojengwa huku na wakoloni vilikusudiwa wanaume wafanyakazi, wala si jamaa zao. Mwanamume alikuwa na kipande, nacho kilisema yeye ni wa bwana gani; hakikusema ni baba wa nani. Mke aliyekuja kumtazama mumewe alikuwa mgeni katika chumba cha mumewe. Na baada ya msako mkuu ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, wanawake na watoto kwa maelfu walirudishwa mashambani, nao waume wakapelekwa vizuizini. Nayataja haya ili usidhani kuwa mlango wa kutenga jamaa ni lazima uwe mpakani. Waweza kuwa katikati ya mji.

Sasa tazama jambo lililotokea hapa Nairobi mwaka 2008. Marekani ilikuwa na mpango wa kuwaunganisha wakimbizi na jamaa zao waliotangulia kupokewa huko. Aliyetangulia aliandika hati ya kiapo, akataja mke, watoto na wazazi aliowaacha nyuma, nao wakaitwa kusailiwa. Februari mwaka ule wasimamizi walianza kupima vinasaba vya watu 500 hivi mjini Nairobi, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Na wenyeji wa Eastleigh hawahitaji kuelezwa hao ni nani. Baadaye jaribio lilipanuliwa hadi nchi nyingine za Afrika, likafikia watu kama 3,000. Familia zilizothibitika zote nzima, kila mtu kama alivyoandikwa, hazikufika moja katika kila tano. Wengine walikataa kupimwa au hawakutokea; wengine walipimwa, vipimo vikayakanusha maandishi. Oktoba 2008 hati za kiapo zikaacha kupokewa. Mlango ulikaa umefungwa miaka minne, hata Oktoba 2012 ulipofunguliwa kwa sharti kwamba mzazi na mtoto wa kumzaa wapimwe.

Wako waliosoma habari hiyo wakasema upesi, "Watu hawa ni waongo." Wako waliojibu upesi vile vile, "La, ni mila zao tu." Hao wote wawili wamejipumzisha na kazi ya kufikiri. Chukua mtu aliyeandika jina la kijana asiyemjua, akalipwa fedha, akamwita mwanawe. Huyo hana mila ya kujikinga nayo. Ameuza nafasi isiyokuwa yake, na kwa ajili yake mama mwingine, aliyeandika kweli tupu, alingojea miaka minne mbele ya mlango uliofungwa. Sasa chukua mwingine, ambaye ndugu yake aliuawa vitani akaacha kichanga, naye akakibeba mgongoni akavuka nacho mpaka. Amekilisha, amekisomesha, amekiuguza. Akiandika "mwanangu", waweza kumweka katika fungu moja na mwuza nafasi? Mashine iliyopima vinasaba iliwaweka, kwa sababu haikuulizwa neno jingine.

Hata hivyo sitaki kumtetea huyu wa pili kwa wepesi. Wasomali wengi ni Waislamu, na Uislamu unaagiza yatima alelewe kwa wema lakini aitwe kwa jina la baba yake mzazi. Basi mlezi yule alijua vizuri tofauti ya kuzaa na kulea. Dini yake mwenyewe ilimfundisha. Neno "mwanangu" kinywani mwake lilikuwa la mapenzi, si la nasaba. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: lau karani angaliacha fomu akamwuliza kwa Kisomali safi, "Ulimzaa mtoto huyu?" angalijibu nini? Kama angalisema, "Sikumzaa, nimemlea," basi kosa lilikuwa la lugha. Kama angaliapa kwamba alimzaa, amevuka mstari, ijapokuwa mapenzi yake ni ya kweli. Na huruma yetu kwake, ambayo ni halali, haibadili jina la kitendo.

Utaniuliza, na mlango je, hauna hatia? Unayo. Mwenye mlango anayeuliza swali jembamba hupata majibu yaliyopinda. Na si milango ya ng'ambo peke yake. Katika Kenya, tangu uhuru mpaka katiba mpya ya tarehe 27 Agosti 2010, mgeni wa kike aliyeolewa na Mkenya aliweza kuandikishwa kuwa raia, lakini mgeni wa kiume aliyemwoa Mkenya hakuwa na haki hiyo. Mtoto aliyezaliwa nje alirithi uraia wa baba, wala si wa mama. Dada zetu walioolewa na watu wa nje walionekana kama waliohama, hata wakiwa wamelala Buruburu. Leo Kifungu cha 15 humruhusu mume au mke, baada ya miaka saba ya ndoa, kuomba uraia. Uingereza nayo iliweka kima cha mapato kwa anayetaka kumleta mwenzi wake: pauni 18,600 kwa mwaka tangu 2012, kisha pauni 29,000 tangu Aprili 2024. Usicheke upesi. Wazee wetu nao humwuliza mposaji ana nini. Lakini wazee hukaa naye mkekani, humtazama usoni, hupunguza mahari wakiona moyo wake. Na deni likibaki, mke hupewa vile vile.

Nimekuandikia wewe jambo hili, wala si mama yako, kwa sababu katika nyumba nyingi za huku mwandishi wa fomu ni mtoto aliye shuleni. Mzee hujua habari, kijana hujua Kiingereza. Siku moja bibi ataketi karibu nawe, atakuonyesha kidole pale penye nafasi ya jina la uhusiano, atasema, "Andika mwanangu." Yeye hatakuwa anasema uongo. Wewe, unayejua maana ya neno lile kwa atakayelisoma, ukiliandika bila kumweleza, uongo utakuwa umeingia kupitia kalamu yako, si kupitia kinywa chake. Na ukiandika kweli, yamkini fomu itakataliwa na bibi atakulaumu, sikufichi hilo. Basi kabla ya kuandika lolote, mwelezee neno lile lasema nini kwa Kiingereza. Kisha mwulize baba wa mtoto aliitwa nani, alifariki mwaka gani, na ni nani aliyekuwapo siku mtoto alipoletwa. Uombe karatasi ya pili, uyaandike hayo yote.