Motokaa Nne za Sura Moja

Mwezi uliopita nilikwenda kumzuru jamaa yangu Kahawa Sukari, kando ya njia kuu ya Thika. Uani mwake nikaona Peugeot 504 nne: moja yaenda, tatu zimefunikwa maturubali. Nilidhani amekuwa fundi, kumbe ni karani yule yule, amestaafu. Akaniuliza kwa haya: "Sheikh, je, hizi zina zaka?"

Kabla ya kumjibu nilitaka kujua yalikuwaje. Mwenye kupenda wingi tu angenunua za namna nne. Akanieleza, na maneno yake yana maana. Motokaa hiyo ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na 1978, ikabeba abiria wa safari ndefu nchini mwetu kwa miaka mingi. Lakini huko kwao saluni yake iliachwa kuundwa mwaka 1983, na sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuleta kutoka ng'ambo gari lililozidi umri wa miaka minane. Basi giaboksi ikifa, dawa yake imo ndani ya 504 nyingine. Huko Barabara ya Kirinyaga, asema, kipande kimoja kimoja ni ghali. Ile nzima mbovu huwa rahisi zaidi. Hununua ya pili ili aichinje. Akifika nayo nyumbani huona bodi yake ni nzuri kuliko ya ile ya kwanza, na mkono hauendi. Hutafuta ya tatu ili aitengeneze ya pili.

Ama zaka, katika madhehebu yetu ya Shafii mali ya matumizi haina. Mali ya biashara ndiyo itolewayo robo ya ushuri, yaani asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka ikitimu nisabu, na sharti nia ya biashara iwepo wakati wa kuinunua. Yeye hakununua kwa kuuza (ingawa akitajiwa bei hucheka kwa furaha). Basi hana zaka juu yake.

Lakini kuna lililonitia wasiwasi kuliko zaka. Wako watakaosema kuwa na nne ndiyo israfu. Mimi sisemi hivyo. Mwenye kuichinja moja ili nyingine iende hakupoteza mali. Mali iliyopotea ni ile iliyo chini ya turubali, kutu yaila sakafu yake. Haiendeshwi, haichinjwi, wala haiuzwi kwa mwenye haja nayo. Na ile ya nne, alikiri mwenyewe, aliinunua kwa fedha alizokopa kwa nduguye, na nduguye hajalipwa hata leo.

Nikamwambia: "Uza moja ulipe deni, na nyingine ichinje."

"Ipi, Sheikh?"

Nikasema mimi si fundi. Akaanza kuyafunua maturubali, moja baada ya moja. Hii ina taa zake za asili. Hii bodi haijaguswa. Wakati wa alasiri ukatukuta tungali uani.