Nadhiri ya Masafa na Mwili Uliougua

Methali isemayo kwamba ahadi ni deni hutamkwa kwa wepesi, lakini ndani yake mna sharti lisilotajwa, nalo ni kwamba pasipo na mdai hapana deni. Anayemwahidi jirani debe la mahindi anamjua mdai wake. Anayemwahidi Mungu sadaka au saumu, yaani anayeweka nadhiri, mdai wake ni Mungu mwenyewe. Mtu anapojiahidi kwamba ndani ya mwaka mmoja atakwenda kwa baiskeli kilomita elfu kadhaa, haijulikani mara moja ni nani mwenye haki ya kumdai siku ya mwisho wa mwaka. Swali hili halimsumbui mwenye afya, kwa kuwa yeye hutimiza au hupuuza na mambo yakaishia hapo. Huwa zito pale ugonjwa unapoingia katikati ya mwaka, ukala miezi, kisha ukamrudisha mtu barabarani akiwa na lengo lilelile na mwili usio uleule.

Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza, alidai katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651 kwamba anayeweza kufunga aweza pia kufungua, na kwa hiyo aliyejifunga kwa nafsi yake peke yake hajafungwa hata kidogo. Marcus Singer, mwanafalsafa wa Marekani, aliirudia hoja hiyo mwaka 1959 kwa uwazi zaidi: ikiwa mdai na mdaiwa ni mtu mmoja, basi mdai aweza kusamehe deni wakati wowote apendao, na wajibu unaoweza kufutwa na yule anayebanwa nao si wajibu. Hoja hii ina nguvu, na haifai kupuuzwa kwa kutaja tu fahari ya kutimiza malengo. Hata hivyo inasimama juu ya dhana moja ambayo ugonjwa una uwezo wa kuibomoa, yaani dhana kwamba katika ahadi ya nafsi kuna mtu mmoja tu.

Ili jambo hili lipate mahali pa kukaa, na lifikiriwe katika kata ya Rugu, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania, katika nchi ya vilima na migomba. Huko baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha michezo: hufungwa mkungu wa ndizi kwenye keria, hubeba gunia la kahawa na madumu ya maji, na penye mwinuko mkali mwenyewe hushuka akaikokota. Mtu anayejipangia kilomita 3,000 kwa mwaka katika nchi kama hiyo amejipangia wastani wa kilomita 8 na kidogo kila siku, au, kwa kipimo kinachofahamika huko, takriban safari 51 za barabara ya lami itokayo Kyaka hadi Bugene, ambayo ina urefu wa kilomita 59. Akilazwa na kuuguzwa kwa siku 90, deni halisimami kumngoja, kwani siku 275 zilizobaki zitamdai karibu kilomita 11 kila moja, na zitamdai mtu ambaye ngazi ya kibaraza tu inamtoa jasho. Malaria kali, kwa mfano, huharibu chembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kusafirisha oksijeni, na kwa sababu hiyo aliyepona homa huendelea kuhema kwenye kilima kwa wiki nyingi baada ya vipimo kuonyesha kwamba vimelea vimekwisha.

Jibu la kwanza linalojitokeza ni kwamba mwili mpya haurithi madeni ya mwili wa zamani: aliyeahidi mwezi Januari alikuwa mtu mwingine, na huyu wa Agosti asibebeshwe mzigo usio wake. Jibu hili lina huruma, lakini linathibitisha mambo mengi kupita kiasi. Chembe nyekundu ya damu huishi kwa takriban siku 120, kwa hiyo hata mtu ambaye hakuugua kabisa, ifikapo katikati ya mwaka, damu iliyokuwa mishipani mwake siku ya ahadi imekwisha kubadilika karibu yote, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo mkopo wake wa benki umefutika. John Locke, mwanafalsafa mwingine wa Uingereza, aliliona jambo hili mwishoni mwa karne ya 17 alipofundisha kwamba mtu hubaki yuleyule kwa sababu ya fahamu inayokumbuka na kujitambua katika matendo yake, na si kwa sababu ya vitu vinavyounda mwili wake. Mgonjwa aliyepona anakumbuka alichoahidi, na kumbukumbu hiyo, hasa inapomwuma, ni ushahidi kwamba aliyeahidi ni yeye. Njia ya kumfungua, kama ipo, haipiti hapo.

Dini zinazofuatwa na watu wa Karagwe zimelifikiria suala hili kwa muda mrefu kuliko falsafa ya malengo binafsi. Katika Uislamu, madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yanashikilia kwamba nadhiri hufungika kwa jambo la ibada ambalo halikuwa faradhi tangu awali, na kwamba jambo la mubaha, yaani lisilo na thawabu wala dhambi kwa lenyewe, halimfungi mtu kwa kulinadhiria. Kuzunguka na baiskeli kwa ajili ya kuzunguka tu kungekuwa mubaha. Kuiendesha kwenda kumjulia hali mgonjwa ni habari nyingine. Lakini mafundisho yenye nuru zaidi kwa swali hili ni yale yanayohusu masafa na udhaifu kwa pamoja. Katika hadithi iliyopokewa na Anas, sahaba wa Mtume, na kuandikwa katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, inaelezwa kwamba Mtume alimwona mzee akikokotwa baina ya wanawe wawili, akaambiwa kwamba mzee huyo ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume akaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyo kujitesa, akamwamuru apande mnyama. Nia ya mzee haikulaumiwa, wala mwisho wa safari haukufutwa. Kilichobadilishwa ni namna ya kuufikia, na aliyeibadilisha ni mtu mwingine mwenye mamlaka, mzee mwenyewe akiwa bado anang'ang'ana.

Hukumu ya saumu ya Ramadhani inakwenda hatua moja mbele, kwa sababu inagusa hesabu yenyewe. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na idadi ya siku alizokula huikamilisha katika siku nyingine, jambo ambalo Waswahili huliita kulipa au kukidhi saumu. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidia, yaani chakula kwa maskini badala ya kila siku iliyompita. Idadi inalindwa, lakini ukuta wa wakati unafunguliwa mlango, na pale ambapo hata mlango huo haufai, tumbo la mtu mwingine linashibishwa kwa niaba ya mwili ulioshindwa. Tena ipo hadithi nyingine katika Bukhari, isiyosemwa sana kama inavyostahili, inayofundisha kwamba mja anapougua au anaposafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkaazi wa kwake. Kwa hesabu ya mbinguni, basi, siku 90 za kitandani si lazima ziwe tupu.

Kanisa Katoliki limeifikiria nadhiri kwa lugha ya sheria. Sheria zake za mwaka 1983 zinasema kwamba nadhiri hukoma ikiwa jambo lililoahidiwa limebadilika katika kiini chake, na maradhi mazito yaweza kabisa kuwa badiliko la namna hiyo. Kipengele kinachofuata baadaye kidogo ndicho chenye hekima ya pekee: aliyeweka nadhiri ya binafsi anaruhusiwa kuibadili mwenyewe iwe jambo bora zaidi au lililo sawa, lakini kuibadili iwe jambo dogo zaidi si kazi yake peke yake, bali ya yule mwenye uwezo wa kufungua nadhiri, ambaye aweza kuwa paroko wake. Sheria hii imeyaona maumbile ya mwanadamu kwa usahihi mkubwa. Kujiongezea mzigo mtu aweza kuaminiwa. Kujipunguzia anahitaji jicho la pili. Walutheri, ambao dayosisi yao ya Karagwe ni ya siku nyingi, wanarithi onyo la Martin Luther la mwaka 1521 kwamba nadhiri inayowekwa kwa imani kuwa itamnunulia mtu haki mbele ya Mungu inapingana na imani yenyewe. Nalo ni onyo linalomfaa hata mwendesha baiskeli anayedhani kwamba akifikisha idadi atakuwa amelipia uzima wake.

Karagwe yenyewe ina historia ya mtu aliyepungukiwa masafa kwa ajili ya ugonjwa. Mwezi Novemba 1861 wasafiri wawili wa Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange kwa Mfalme Rumanyika wakiwa wanatafuta chanzo cha mto Nile. Mguu wa Grant ukavimba na kutunga usaha kiasi cha kushindwa kusimama, na mwezi Januari 1862 Speke akaendelea kwenda Buganda, akimwacha mwenzake chini ya ulinzi wa mfalme. Grant alikaa hapo miezi mitatu mingine, na alipoondoka mwezi Aprili aliondoka akiwa amebebwa kwenye machela. Hata baada ya kuungana na Speke huko Buganda, mguu wake haukuaminika kwa mwendo wa haraka, naye akaelekezwa Bunyoro, hivi kwamba tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama bila mwenzake kwenye maporomoko ambako Nile ilitoka katika Ziwa Victoria. Wote wawili walifika Gondokoro Februari 1863, na mwaka uliofuata Grant alichapisha kitabu ambacho jina lake linatangaza matembezi ya kuvuka Afrika.

Msomaji mkali aweza kuuliza kama haki ipo katika jina hilo, kwani aliyebebwa hakutembea. Shtaka hilo halimpati Grant, kwa sababu kitabu chenyewe kinaeleza machela na mguu bila kuficha. Lakini linazaa swali zito zaidi: masafa yale ya machela yalikuwa ya nani? Yalitembewa hatua kwa hatua na watu waliokuwa na mzigo wa mtu mzima, na katika orodha za wagunduzi hakuna safu iliyotengwa kwa ajili yao. Hapa ndipo hoja ya Hobbes inapolegea. Yeye alimfikiria mtu aliyejifunga mwenyewe na kujifungua mwenyewe, kana kwamba muda wote huo anajibeba mwenyewe.

Mgonjwa wa Rugu hajibebi. Baiskeli ileile iliyokuwa ikihesabu kilomita za lengo lake ndiyo aliyopakiwa nayo kwenda zahanati, pedeli zikiwa chini ya miguu ya ndugu au jirani. Kahawa yake ikiiva wakati yeye amelala, huchumwa na mikono mingine. Maji huchotwa na mtu ambaye siku hizo hakufanya shughuli yake. Alipoahidi mwezi Januari alidhani kwamba anatumia mali yake, kumbe nguvu alizoahidi kuzitumia zilikuwa tayari zimewekewa dhamana na watu wa nyumbani kwake, na ugonjwa haukufanya lolote ila kuiita dhamana hiyo ilipwe. Ikiwa hivyo ndivyo, katika ahadi ya nafsi mdai yupo tangu mwanzo, ingawa mwenye afya hamwoni, naye ni wale ambao mwili ule utawaangukia ukianguka. Hao ndio wenye sauti ya kumwambia apunguze idadi, kama Mtume alivyomwambia mzee apande, na hao pia ndio wenye haki ya kumkatalia anapotaka kuipunguza kwa uvivu akisingizia maradhi yaliyokwisha. Tajiriba ya kawaida inaonyesha kwamba kosa la kukataa kupunguza ni la hatari zaidi: anayepona huharakisha, hurudi kilimani kabla ya damu yake kurudi, na gharama ya kuanguka tena hulipwa na watu walewale.

Kwa sababu hiyohiyo hesabu haiwezi kuwa siri. Tommy Godwin wa Uingereza alipoendesha baiskeli maili 75,065 katika mwaka 1939, yaani zaidi ya kilomita 120,000, wastani wa kilomita 331 kwa siku, hakuandika idadi hiyo kwa neno lake tu, bali kwa kadi zilizotiwa saini na mashahidi. Upande wa pili yuko mwendesha baiskeli wa Marekani, Lance Armstrong, aliyeugua saratani mwaka 1996, akarudi, akashangiliwa duniani kote kama aliyeshinda kifo, kisha mwaka 2012 akanyang'anywa ushindi wake saba wa mashindano ya baiskeli ya Tour de France kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Kupona kwake kulikuwa kwa kweli. Hesabu ndiyo iliyokuwa ya uongo, na uongo huo uliwaumiza kwa namna ya pekee wagonjwa waliokuwa wamejipa moyo kwa habari zake.

Mfalme Hezekia wa Yuda naye alipona. Kitabu cha Isaya kinaeleza kwamba aliongezewa miaka 15, na sura inayofuata inaeleza kwamba wajumbe wa Babeli walipokuja kumpongeza aliwafungulia nyumba yake yote ya hazina, wala hakuna kitu ambacho hakuwaonyesha. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinamlaumu waziwazi kwamba hakurudisha kadiri ya fadhili aliyotendewa, kwa kuwa moyo wake ulijiinua. Alikuwa na kitu cha kuonyesha, na alikionyesha kama kwamba ni chake peke yake.

Mtu wa Rugu anayefikisha kilomita 3,000 mwezi Desemba baada ya miezi ya kuugua ana haki ya kufurahi, na furaha yake haipunguzwi na lolote lililosemwa hapa. Anayefikisha 2,200 kwa sababu wenzake walimsihi apunguze, naye akasikia, ametimiza ahadi iliyobadilishwa kihalali, na 800 zilizobaki aweza kuzilipa katika siku nyingine, kama mwenye saumu ya Ramadhani. Yule ambaye miguu haitarudi tena aweza kumpa kijana wa jirani baiskeli yake aende nayo shuleni, na kilomita za kijana huyo kwenda na kurudi zikaandikwa katika daftari lilelile, kwa jina la aliyeziendesha.