Hatia ya Anayetazama

Mtu wa kutisha kuliko wote katika The Running Man, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1987, si yule mwenye msumeno wala yule arushaye moto. Ni bibi kizee mpole aliyeketi miongoni mwa hadhira ya studio. Mwendesha kipindi anamchangamkia kama mjukuu, kisha anamwuliza ni nani, kwa maoni yake, atakayeua mara hii. Bibi anamtaja mfungwa mwenyewe, yule anayewindwa. Studio inapigwa na butwaa, na mtazamaji hushawishika kudhani kwamba hapo dhamiri imezinduka. Lakini bibi hakusema mfungwa aachiwe. Alisema tu kwamba mfungwa ndiye muuaji hodari zaidi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Maandishi ya mwanzo yanatwambia kwamba kufikia mwaka 2017 uchumi wa dunia umeanguka, chakula na mafuta vimeadimika, Marekani imekuwa dola ya kipolisi, na sanaa, muziki na mawasiliano vyote vimo chini ya udhibiti. Burudani kuu ya umma ni kipindi cha televisheni ambamo wahalifu hukimbizwa na wauaji mashuhuri, huku watu wakiwekeana dau barabarani. Ben Richards, anayeigizwa na Arnold Schwarzenegger, alikuwa rubani wa helikopta ya polisi. Aliamriwa kuufyatulia risasi umati wa wenye njaa huko Bakersfield, akakataa. Wenzake wakamshinda nguvu na kuwamiminia watu risasi, kisha picha zikakatwa na kuungwa upya hata ikaonekana kwamba mchinjaji ni yeye.

Kwa hila hiyo filamu inautafutia umati udhuru: watu wanamzomea asiye na kosa kwa kuwa wamedanganywa. Udhuru huo si mdogo. Leo umezidi uzito, kwani ile ghilba ya kubandika sura ya mtu juu ya mwili wa mwingine, ambayo ndani ya filamu ni siri ya studio kubwa, sasa yawezekana kwa simu ya mkononi. Lakini je, watosha? Uongo uligusa habari, haukugusa hamu. Tuseme Richards kweli aliwaua wale wenye njaa. Ingekuwa halali kuketi na kumtazama akiwindwa kwa msumeno, baina ya tangazo na tangazo, na kushangilia? Aliyedanganywa juu ya nani mkosaji hakudanganywa juu ya anachokiona. Anaona mtu akifa, naye anafurahi.

Swali hili ni kongwe kuliko sinema. Augustino wa Hippo, katika Maungamo aliyoyaandika mwishoni mwa karne ya 4, anamsimulia rafiki yake Alypius, kijana aliyeyachukia mapigano ya uwanjani Roma. Wenziwe wakamburura hadi huko. Akaketi, akafumba macho, akiamini kwamba mwili wake tu ndio uliokuwapo. Umati ukapiga ukelele mkubwa. Alypius akafumbua macho aone kuna nini, na tangu hapo hakuweza kuyatoa. Baadaye alirudi kwa hiari yake, akawavuta na wengine. Hakuna aliyemdanganya Alypius. Alijua fika kwamba kile ni kiovu, na hilo halikumsaidia kitu.

Katika filamu nzima ni mtazamaji mmoja tu anayegeuka kwa haki, naye ni Amber Mendez, mwanamke aliyelitungia lile shirika la televisheni muziki wake wa utambulisho. (Wapenzi wa tungo wasiipite haraka kazi yake hiyo.) Habari zinatangaza kwamba Richards aliua watu uwanja wa ndege wakati wa kutoroka, na Amber alikuwapo, anajua hakuuawa mtu. Hapo anaanza kujiuliza juu ya Bakersfield, anaingia maktabani kuzitafuta picha zisizokatwa, anakamatwa, anatupwa uwanjani naye. Hakugeuzwa na hoja. Aligeuzwa na jambo aliloliona kwa macho yake, lisilolingana na lililosemwa.

Stephen King, aliyeitoa riwaya yenye jina hilo mwaka 1982 kwa jina la Richard Bachman, alikuwa mkali zaidi. Katika kitabu chake, alichokiweka mwaka 2025, mkimbizi hufukuzwa nchi nzima, na raia yeyote anayemchongea hulipwa. Hapo mtazamaji ana mkono. Filamu iliufungia uwindaji ndani ya uwanja na kumpa mtazamaji kiti tu. Edgar Wright alipoitengeneza upya mwaka 2025, aliurudia zaidi mpango wa kitabu.

Na Richards mwenyewe? Mara mbili anafanya lile ambalo umati haukulitarajia: anakataa. Anakataa kule Bakersfield, na anakataa tena uwanjani, pale mmoja wa wawindaji anaponaswa chini ya gari lake, hana pa kwenda, na kumwua ni jambo la pigo moja. Richards anamwacha, kwa kuwa hamwui asiyeweza kujitetea. Huyu ndiye steringi, kama waitavyo watazamaji wetu, anayestahili jina lake.

Mara ya tatu hakatai. Ukweli umekwisha kurushwa hewani, na Killian, mwendesha kipindi, amebaki peke yake mbele ya mfungwa wake. Anajitetea: yeye huwapa watu wanachokipenda, basi. Kumbuka kwamba anayemwigiza ni Richard Dawson, ambaye kwa miaka mingi aliendesha mashindano halisi ya kifamilia katika televisheni ya Marekani. Anayasema maneno hayo kwa wepesi wa mtu aliyeyazoea. Richards anamsikiliza, kisha anamjibu kwa hoja ile ile: naye sasa atawapa watu wanachokitaka. Anamfunga katika chombo kile kile kinachowapeleka wafungwa uwanjani, Killian asiye na silaha wala pa kukimbilia, na kumsukumia kwenye mauti.

Umati barabarani unalipuka kwa furaha. Ni umati ule ule, na kelele ni zile zile zilizoshangilia mwanzo wa kipindi. Richards na Amber wanakutana na kubusiana, wimbo unaanza. Kule chini gizani wamelala washindi watatu wa msimu uliopita, ambao umati uliambiwa wanastarehe ufukweni. Amber alizikuta maiti zao. Hakuna anayeteremka kuwatoa wakazikwe.